Kikombe cha Sita

Mtu wa kawaida ukimkaribisha chai atakunywa, atashukuru, ataulizia hali ya watoto. Bi Kitako ataimaliza haraka hata aunguze ulimi, kisha atakipindua kikombe, atasogeza miwani na kusoma chini. Ndiyo maana wenzake kazini walimpa jina hilo, naye akalivaa bila ugomvi, maana jina la utani ukilikataa ndiyo unalipigilia misumari. Kwenye sherehe za watu, kwenye ofisi za wakubwa, kikombe cha kauri kikipita mbele yake lazima kionyeshe makalio. Mama yake ndiye aliyekuwa akiona aibu kwa niaba yake.

Alifanya kazi katika ghala la nyumba ya makumbusho, chumba cha chini chenye dirisha moja jembamba, rafu za chuma hadi darini, na meza ndefu iliyotandikwa blanketi la kijivu ili chombo kisigongwe. Humo viliingia vyombo vya watu waliofariki. Vingi vilikuwa vya Japani, na karibu vyote vilikuja na hadithi kubwa kuliko vyenyewe. Sahani hii ina miaka mia tatu, mjukuu wa marehemu angesema, ilitoka mezani kwa mfalme. Bi Kitako habishani na mtu. Huipindua. Ikiwa chini imeandikwa Nippon kwa herufi hizi zetu, kwa kawaida imetoka katika ile miaka thelathini ya kabla ya 1921. Ikiwa imeandikwa Japan, ni ya baadaye. Na ikiwa imeandikwa kwamba imetengenezwa katika Japani iliyokaliwa na majeshi ya kigeni, hapo hata mwanafunzi anaweza kuipa umri, kwa sababu maneno hayo yalipigwa miaka michache tu baada ya vita, yakakoma 1952. Mfalme hubaki kwenye hadithi na mjukuu hurudi nyumbani kanuna.

Alama nayo ina ujanja wake. Wafinyanzi wa Japani walikuwa na tabia ya kuandika chini ya vyombo vyao jina la mfalme wa China aliyekufa zamani, kwa heshima tu, na wasiojua wakaingia mkenge. Kwa hiyo Bi Kitako hakuiamini alama peke yake. Alikagua ukingo, rangi, uzito, hata mhuri wenyewe, maana mhuri huchakaa kama soli ya kiatu, na pengo lililo dogo mwaka huu mwakani litakuwa kubwa. Alijua pia kwamba watu wa huko huuza vikombe kwa seti ya vitano. Namba nne wanaikwepa, kwa vile kwao inatamkwa sawa na kifo. Warithi walipoleta vikombe vitano na kuomba radhi kwamba cha sita lazima kilivunjwa na mtu, aliwaambia hakuna aliyevunja kitu.

Mambo mawili yalikuwa mwiko kwake. La kwanza, kubahatisha. Asipojua, aliandika kwenye kadi neno moja, "Haijulikani," na katika miaka ishirini na sita hakuwahi kuliandika kwa uvivu wala kumfurahisha mtu. La pili ni msasa. Wapo wafanyabiashara wanaosugua alama iliyopigwa juu ya chombo mpaka itoke, ili cha juzi kiuzwe kama cha kale. Alama iliyo chini ya mng'aro, yaani ule utando wa kioo unaofunika kauri, haitoki, lakini ile ya juu hutoka, na hubaki doa lililofifia ambalo huonekana ukilipeleka kwenye mwanga wa ubavuni. "Anayefuta alama anaficha mwaka," alikuwa akimwambia mama yake jikoni, kila mara, hadi mama akawa anaimalizia sentensi kabla yake.

Waliishi watatu katika nyumba ile: Bi Kitako, mama yake, na baba yake fundi cherehani mwenye kibanda mtaa wa pili. Wa nne alikuwa baharini. Huyo ni kitindamimba wao, ambaye tangu utotoni aliitwa Kijiko kwa sababu kila sufuria iliyowekwa motoni lazima aionje, na alipokua akaenda kuonja sufuria za watu melini, akawa mpishi wa meli ya mizigo. Mama alimpenda mtoto huyo waziwazi, bila hata kujifanya anawapenda sawa. Bi Kitako alishazoea. Na yeye alimpenda vilevile, tatizo likaishia hapo.

Mwaka ambao mama alifanyiwa upasuaji wa moyo, simu za Kijiko zilikatika. Baba akasema kijana ameingia matatani na kampuni, hana karatasi, anarukia meli hii na ile kwa kujificha, na akipiga simu watamnasa. Mwaka uliofuata, mchana mmoja, baba alirudi kutoka kibandani na kitu kilichofungwa gazeti. Mfanyakazi mwenza wa Kijiko amepita mbiombio, alisema, ameacha zawadi ya mama. Kilikuwa kikombe cheupe kisicho na mkono, kimechorwa majani ya mwanzi kwa samawati. Mama alikishika kwa mikono miwili, akanusa ndani yake, akalia kwa furaha mpaka daktari wake angemkaripia.

Mwaka wa pili kikaja kingine, na wa tatu kingine, na baba kila mara alitaja bandari tofauti. Mama aliviweka kwenye kabati la kioo na ufunguo akauning'iniza shingoni. "Hivi si vya makumbusho," alimwambia bintiye. "Hivi ni vya mwanangu. Usinipindulie." Na Bi Kitako, aliyewahi kupindua kikombe cha waziri, akatii. Mganga hajigangi. Miaka mitatu vikombe vya Japani vilikaa hatua nne kutoka kitandani pake, asijue chini vina nini.

Kikombe cha nne kilikuja wakati mama ana homa. Akatoa ufunguo shingoni mwenyewe. "Vioshe vyote, vikae pamoja vikiwa safi. Polepole lakini, usije ukanivunjia."

Aliviosha kimoja kimoja, akavipanga juu ya taulo midomo ikiwa chini, na hapo tena hakuna aliyempindulia, vilikuwa vimejipindua vyenyewe. Kila kimoja kilikuwa na jani ndani ya duara, rangi ya samawati, chini ya mng'aro. Mhuri wa kiwanda kidogo. Kwenye mduara, upande wa kulia, palikuwa na pengo. Akasogeza miwani. Cha kwanza pengo, cha pili pengo, cha tatu, cha nne, mahali palepale, upana uleule, bila tofauti hata ya unywele. Bandari nne, miaka minne, mhuri mmoja usiochakaa. Akavisogeza vikombe mbali na ukingo wa meza.

Kesho yake ghalani alifungua kile kitabu kinene cha alama, akalitafuta jani. Kiwanda kile kilikuwa kimeuacha mhuri huo miaka sita iliyopita na kuanza kutumia mwingine. Alijaribu kuwa mwadilifu, kama ambavyo angefanya kwa sahani ya mtu baki. Duka linaweza kukaa na mali ya zamani, ndiyo. Lakini si maduka manne ya bandari nne. Vikombe hivi vilinunuliwa siku moja, mahali pamoja, kabla simu hazijakatika, na mtu fulani alikuwa akivitoa kimoja kimoja. Seti ni vitano. Kwa hiyo kimebaki kimoja, na vyote vinne vimepita mkononi mwa mtu mmoja tu. Alifunga kitabu akaenda kibandani kwa baba yake bila hata kuomba ruhusa.

Baba alikuwa anapinda suruali, futi ya kupimia shingoni.

"Baba, nipe cha tano."

"Cha tano nini, mama?" Alimwita mama siku zote, kama wazee wengi wanavyowaita mabinti zao.

"Kikombe."

Cherehani ikasimama. Mzee hakujitetea, na hilo ndilo lililomwogopesha. Aliinama akavuta droo ya chini kabisa, akasukuma vitambaa, akatoa sanduku la mbao nyepesi. Ndani yake palikuwa na vyumba vitano. Vinne vitupu.

"Walikuja hapa," alisema. "Watu wawili wa kampuni, na mashati yao meupe. Wakaniletea begi lake na sanduku hili. Dhoruba, wakasema. Alitoka jikoni kwenda kufunga kitu huko nje, hakurudi. Hawakumpata. Mama yako alikuwa na siku tisa tangu apasuliwe. Tisa! Nikajiambia nitamwambia akipona. Alipopona nikajiambia kesho. Kesho ikazaa kesho, mwanangu, na kila ikizaa mdomo wangu unazidi kuwa mzito."

Bi Kitako alikaa kwenye rundo la vitambaa. Alilia kama mtoto, kwa sauti, na mteja aliyekuja kuchukua gauni alichungulia akaondoka zake. Mdogo wake alikuwa amekufa miaka minne, na yeye juzi tu alikuwa amemnunulia soksi za baridi za kumpa akirudi. Alimkasirikia baba yake kiasi cha kutaka kulivunja lile sanduku. Kisha akamtazama: mzee mzima, shingo imekonda, amebeba maiti peke yake miaka yote hiyo na kila jioni anaketi mezani kuulizwa, "Hujasikia lolote?"

"Tunamwambia leo," alisema.

"Kimebaki kimoja," baba akajibu. "Mpe mwaka mmoja. Mmoja tu, nakuomba."

Alikubali, na kosa lake likaanzia hapo. Cha tano kilitolewa zamu yake ilipofika, mama akakipokea, na mwaka wa baada yake ulipita mbio, bila huruma, kama muda wa kulipa mkopo. Bi Kitako aliihesabu miezi. Usiku na mchana alimwona mama akifuta vioo vya kabati, na sasa mama alikuwa amepata ugonjwa wa bintiye: alivipindua, akalitafuta jani, akaligusa kwa kidole. "Nimelijua," alisema kwa majivuno. "Na hili pengo nalijua. Hata nikiwa kipofu ningemjua mwanangu." Kila akisema hivyo Bi Kitako alipata sababu ya kutoka nje.

Mwezi wa kikombe ulipokaribia, baba alimfuata ghalani, yeye ambaye hakuwahi kufika huko. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Wewe unavijua vitu hivi," alisema. "Tafuta kinachofanana. Cha sita. Asipokiona atakufa, nakwambia, atakufa mikononi mwetu."

"Baba, huko hawauzi sita."

"Yeye hajui hilo."

Kweli, hakujua. Bi Kitako alizunguka kwenye maduka ya mitumba, kwenye vibanda vya vyombo, kwenye nyumba za warithi. Aligeuza mamia ya vikombe, na kwa mara ya kwanza maishani aliogopa kusoma. Wiki ya tatu alikipata: cheupe, hakina mkono, majani ya mwanzi ya samawati, karibu ungeapa ni ndugu yao. Akakipindua. Chini, kwa wino mwekundu uliopigwa juu ya mng'aro, palikuwa na yale maneno ya Japani iliyokaliwa. Kikombe kilikuwa na zaidi ya miaka sabini.

Alikaa nacho siku mbili mezani pake juu ya blanketi la kijivu. Siku ya tatu alifunga mlango wa ghala kwa ndani, akatoa kipande cha msasa laini kabisa, akalisugua lile andiko jekundu. Lilitoka kirahisi, kwa dakika kumi, likaacha vumbi la waridi kwenye kidole gumba. Alinawa mikono mara tatu. Alijiona mwizi, tena mwizi wa msikitini, na bado alikifunga kikombe kwenye gazeti.

Baba alikikabidhi mchana, baada ya chakula, kwa maneno yaleyale: mwenzake amepita, ana haraka. Mama alivua miwani ya mbali akavaa ya karibu. Hakukinusa. Alikipindua.

"Hiki hakina jani," alisema.

"Labda limefutika," baba akadakia.

"Jani halifutiki. Liko chini ya kioo, huyu binti yako aliniambia." Alisogea dirishani, akakiinamisha kikombe upande kwa upande kwenye mwanga, kama alivyomwona bintiye akifanya maelfu ya mara. Akapitisha kidole. Akapitisha tena. Halafu akamnyooshea Bi Kitako kikombe. "Soma."

"Mama..."

"Si ndiyo kazi yako? Nimesema soma."

Bi Kitako alikipokea. Doa lilikuwa pale, limefifia, kubwa kama kucha. "Kimefutwa," alisema.

"Na anayefuta alama?"

Baba alishika ukingo wa meza.

"Anayefuta alama?" mama alirudia, na sauti ilikuwa imepanda.

"Anaficha mwaka."

"Nani amekifuta?"

"Mimi, mama. Kikombe hiki kinakuzidi umri hata wewe. Si yeye aliyekileta."

"Na vile vitano?"

"Vile ni vyake. Alivinunua vyote siku moja. Baba alikuwa anavitoa kimoja kimoja."

Mama aligeuka polepole kumtazama mumewe, na mzee, ambaye kwa miaka yote hiyo hakupata mdomo, alisema yote kwa pumzi moja: watu wawili, mashati meupe, dhoruba, begi. Mama alisikiliza amesimama. Bi Kitako alijiweka tayari kumdaka, mkono mmoja nyuma ya mgongo wake, lakini mama hakuanguka. Moyo ule walioufichia ukweli ulisimama imara kuliko wao wote.

"Miaka sita," alisema mwisho. "Miaka sita namwombea safari njema. Nimekuwa nikilala nikisema, Mungu, bahari itulie. Na nyie mnaitikia amina."

Baba alianza kulia. Mama hakumtazama. Alikisukuma kikombe cha sita hadi mwisho wa meza, akasema kirudishwe kilikotoka, kisha akavua ufunguo shingoni, akafungua kabati, akavileta vile vitano mezani, kimoja kimoja, kwa mikono miwili.

"Hiki changu," alisema, akiweka cha kwanza. "Hiki cha baba yako. Hiki chako. Hiki chake mwenyewe." Akabaki na cha tano mkononi. Akakitazama, akawatazama wao. "Na hiki?"

Baba alimwangalia Bi Kitako, maana yeye pia hakuwahi kujiuliza. Jibu alikuwa nalo, lilikuwa sentensi moja fupi aliyokwisha kuwaambia warithi mara nyingi bila hata kuinua kichwa: huko vikombe huuzwa vitano vitano.

"Tuko wanne," mama alisema. "Kijiko namjua, hanunui kitu cha ziada. Alikuwa anakuja na mtu. Mke, au labda mtoto." Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo Bi Kitako hakuweza kuitazama. "Wewe ndiye msomaji. Niambie mwanangu, na usinifiche tena. Kilikuwa cha nani?"

Bi Kitako alikichukua, akakipindua. Jani, duara, pengo. Alikishikilia muda mrefu kuliko chombo chochote alichowahi kukisoma.

"Haijulikani, mama," alisema.

Mama aliitikia kwa kichwa, mara mbili, tatu. Akakirudisha kikombe mezani kando ya kile cha Kijiko, akavisogeza vikagusana.

"Basi lete kalamu," alisema. "Waandikie hao watu wa meli, waulize alikuwa na nani. Kuna mwenzangu huko bado hajaambiwa."

Bi Kitako akaenda kutafuta kalamu.